Plasta za dawa ya ganzi kwa kijana wa miaka 15 mwenye maumivu ya neva, zinafaa kweli?

MamaTororo

Habari zenu jamani. Naomba msaada hasa kwa mnaofanya kazi hospitali ama mliopitia kitu kama hiki. Niko na kijana wangu wa miaka 15, ako S2 (sekondari mwaka wa pili) bodingi huku Tororo, Uganda. Mwaka jana wakati wa likizo alishikwa na malaria kali usiku, tukamkimbiza kliniki ya karibu, wakamchoma sindano ya kwinini kwenye tako. Palepale akapiga kelele anasema umeme umeshuka mpaka vidole vya mguu. Kulivyokucha mguu ukawa unaburuta, hawezi kunyanyua unyayo. Malaria ilipona, mguu ndio tukabaki nao.

Nguvu imeanza kurudi kidogo, kwa hiyo watu wanasema anaendelea vizuri, lakini sasa shida kubwa ni maumivu. Juu ya mguu kuanzia karibu na kifundo mpaka vidole panawaka moto, mara anapigwa shoti, mara ganzi, na usiku ndo balaa. Shuka likimgusa tu anaruka. Soksi hawezi kabisa na shule wanataka soksi na viatu vyeusi. Panadol, diklofenaki, zote amekunywa hazisaidii kitu. Mtoto alikuwa mchangamfu anacheza mpira, sasa amenyamaza, anakaa tu na mguu juu ya kiti.

Shangazi yake aliye Marekani ameona kuna plasta za lidokeini zinauzwa dukani bila karatasi ya daktari anataka kutuma na mtu anayekuja. Huku sokoni nako kuna jamaa wanauza plasta za pilipili wanasema zinatibu neva, na jirani ananiambia nimpake pilipili ya kusaga tu ni kitu kimoja. Mwingine akasema kuna plasta kali sana wanabandika wagonjwa wa saratani. Sasa mimi nimechanganyikiwa, hizi plasta zote ni za nini, mtoto wa umri huu anaruhusiwa, na je haziwezi kumharibia moyo? Nisaidieni.

Sista_Mbale

Pole sana mama, na mpe pole kijana. Mimi ni nesi, kesi za sindano ya tako nimeziona nyingi kuliko ninavyopenda. Neva kubwa ya mguu inapita pale matakoni, sindano ikiingia vibaya, tena kwinini ambayo inaunguza nyama, inaumia neva yenyewe. Ndo maana siku hizi kwa malaria kali dawa ya kwanza ni artesuneti, na kama mshipa wa damu haupatikani ichomwe kwenye msuli wa paja kwa mbele, sio takoni. Naomba wazazi wote mnaosoma hapa mlishike hilo, musawo, yaani daktari ama mhudumu wa afya, akitaka kumchoma mtoto takoni una haki ya kuuliza kwa nini asichome pajani.

Vile unavyoeleza, kuwaka moto, shoti, ganzi, shuka kuuma, hayo ni maumivu ya neva kabisa, na ndo maana panadol na diklofenaki hazimgusi. Hizo ni za jeraha na uvimbe. Neva iliyoumia inatuma habari za uongo, ngozi haina kitu lakini ubongo unaambiwa inaungua. Kwa hiyo kijana hadanganyi hata kama mguu unaonekana mzima.

Kabla ya kuagiza plasta ningependa kujua vitu vichache. Kuna daktari ameshamwona baada ya ile kliniki? Amewahi kupewa vidonge vya maumivu ya neva kama amitriptilini ama gabapentini? Anafanya mazoezi na mtu wa fizio? Na yale maumivu makali kabisa, anaweza kukuonyesha kwa kidole yanaanzia wapi na kuishia wapi, ama ni mguu mzima?

MamaTororo

Asante Sista. Tulienda hospitali ya serikali wakasema neva itarudi yenyewe, tungoje. Hawakutupa dawa zaidi ya vitamini B. Fizio alikwenda mwanzo halafu shule ikafungua tukaacha. Maumivu makali anaonyesha vizuri, ni sehemu ya kiganja kimoja hivi juu ya mguu, kwingine ni ganzi tu.

Famasia_Jinja

Mama, swali lako ni zuri manake umetaja plasta tatu ambazo hazina undugu kabisa na watu wanazichanganya kila siku. Acha nieleze moja moja na naomba uvumilie nitaandika kirefu.

Ya lidokeini. Lidokeini ni dawa ileile ya ganzi daktari wa meno anayokuchoma kabla ya kung'oa jino, iligunduliwa Sweden miaka ya 1940. Neva ili itume habari inafungua vimlango vidogo vya kupitisha chumvi ya sodiamu, na neva iliyoumia inafungua ovyo hata bila kuguswa. Lidokeini inaziba vile vimlango. Ile plasta yenyewe ya hospitali ni asilimia 5, ukubwa sentimita 10 kwa 14, ndani kuna miligramu 700 za dawa. Uzuri wake ni kwamba inayoingia kwenye damu ni kidogo, karibu asilimia 3 tu ikibandikwa inavyotakiwa, kwa hiyo haimlazi usingizi darasani kama vidonge, na kwa mtoto wa shule hilo ni jambo kubwa. Tena ile plasta yenyewe inakinga ngozi isiguswe na nguo, kuna watu wanapata nafuu hata kwa hilo peke yake.

Sasa umri. Marekani iliidhinishwa mwaka 1999 kwa watu wazima, kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Kwa walio chini ya miaka 18 haina kibali rasmi, madaktari wa maumivu wanaitumia kwa uamuzi wao na tafiti za watoto ni chache na ndogo. Haina maana ni sumu kwa kijana wa 15, ina maana daktari ndo aamue baada ya kumpima, sio shangazi na wewe kwa simu. Inafaa zaidi pale maumivu yapo eneo dogo ambalo mgonjwa anaweza kulifunika kwa kiganja, na kijana wako ndivyo ulivyosema. Lakini niwe mkweli, kidonda chake cha neva kiko juu kule takoni, plasta itatuliza ncha za neva pale kwenye ngozi ya mguu tu, haitibu kule juu. Wengine wanapata nafuu nzuri, wengine nusu, wengine hakuna. Mnajaribu wiki mbili mpaka nne, mkiona hakuna tofauti mnaacha, msiendelee kula pesa.

Matumizi, na hapa ndo watu wanaharibu. Inakaa kwenye ngozi kwa muda wa masaa 12, halafu inatolewa kwa masaa 12 mengine, ngozi ipumzike. Sio masaa 24. Mtu mzima haruhusiwi zaidi ya tatu kwa mara moja, kijana wako kwa hilo eneo pengine hata moja nzima ni kubwa, inakatwa kwa mkasi kabla hujatoa ile karatasi ya nyuma. Mnachagua masaa kulingana na maumivu, kama usiku ndo balaa abandike jioni baada ya kuoga na kukauka vizuri, asubuhi anatoa. Ngozi lazima iwe nzima, hakuna kidonda, hakuna upele, hakuna mahali alipojikuna mpaka pakachubuka. Asiweke chupa ya maji moto juu yake, joto linasukuma dawa nyingi ndani kwa mara moja. Unyayoni chini haishiki kwa sababu ya jasho, ila juu ya mguu inakaa.

Kuhusu moyo hujakosea kuuliza. Ikiingia nyingi kwenye damu inaweza kusumbua moyo na ubongo. Dalili za kwanza ni midomo na ulimi kufa ganzi, masikio kulia, ladha ya chuma mdomoni, kizunguzungu, macho kuona ukungu, baadaye kutetemeka na hata degedege. Akianza hata moja toa plasta osha ngozi kwa maji mwende hospitali. Kama ana shida ya ini, anakunywa dawa za mapigo ya moyo, anatumia dapsoni (dawa ya ukoma), ama mnajua ana upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), daktari aambiwe mapema.

Na hili naomba uliandike kwenye ukuta wa jikoni. Plasta iliyotumika masaa 12 bado ina zaidi ya asilimia 90 ya dawa yake. Mtoto mdogo akiitafuna, ama mbwa akiiokota kwenye takataka, ni hatari kubwa. Ikunjwe gundi kwa gundi, ifungwe kwenye kitu, itupwe mbali na mikono ya wadogo zake. Kisha nawa mikono kabla hujagusa macho.

Zile za shangazi za dukani kawaida ni asilimia 4, wanaziuza kwa maumivu ya mgongo na misuli. Zingine zimechanganywa na mentholi, ambayo kwa ngozi inayoruka hata kwa shuka inaweza kumuongezea moto. Kama lazima atume, apige picha nyuma ya pakiti kila kiambato kionekane uipeleke kwa daktari kwanza.

Ya pilipili. Kuna plasta ya kweli ya kapsaisini asilimia 8, kapsaisini ndo ile kali ya kwenye pilipili. Inaamsha kipokezi cha joto kwenye neva mpaka zile ncha zinachoka na kunywea kwa miezi, na huyo aliyegundua kipokezi hicho, David Julius, alipata Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Lakini hiyo inabandikwa kliniki tu, mhudumu amevaa glavu za nitrili, kwa mguu dakika 30, wanapima presha muda wote manake maumivu ya kubandika yanapandisha presha, halafu hairudiwi kabla ya miezi mitatu. Ni ya watu wazima. Zile za sokoni hazifanani nayo kwa chochote, nyingi ni mentholi, kafuri na salisileti ambayo ni ndugu wa asprini, zingine hazina hata jina la aliyezitengeneza. Kitu ambacho hakijasajiliwa NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, usimbandike mtoto. Na pilipili ya kusaga nyumbani, tafadhali sana mama, usijaribu. Mguu wenye ganzi unaweza kuungua mtoto asijue mpaka malengelenge yatoke.

Ya saratani. Hiyo uliyoambiwa pengine ni fentanili. Fentanili ni ya jamii ya morfini lakini kali mara nyingi zaidi, inabandikwa mgonjwa ambaye mwili wake umeshazoea dawa za aina hiyo. Mtu ambaye hajazoea inaweza kumzimisha pumzi usingizini, na kuna watoto wamekufa kwa kubandikwa ama kuokota iliyotumika. Hiyo haikatwi, haichezewi, haiazimwi kutoka kwa mgonjwa wa jirani. Mtu akikuletea mrudishie.

MzeeBombo

Famasia Mungu akubariki, nimeprinti hii. Mama, mtoto wa kaka yangu alitibiwa saratani hospitali ya Mulago, Kampala, na ile dawa ya vinkristini ikamwachia miguu inawaka hivihivi. Yeye hakupata plasta, walimpa amitriptilini kidogo ya usiku. Mwanzo tulifikiri haifanyi kazi kwa sababu wiki ya kwanza hakuna kitu ila usingizi na mdomo kukauka, tukaambiwa tuvumilie, na kweli ilikuja kushika polepole. Usikate tamaa kwa dawa isiyofanya kazi siku mbili.

Sista_Mbale

Mzee asante, hapo ndo nilikuwa naelekea. Mama, usianze na plasta kabla ya vile vilivyo karibu. Amitriptilini inapatikana hospitali zetu nyingi na bei yake sio ya kutisha, inaanzwa kwa dozi ndogo sana usiku, na kwa sababu maumivu yake ni ya usiku ule usingizi unamsaidia. Lakini lazima daktari amuulize kwanza kama kuna shida ya moyo kwenye familia, ikiwezekana apimwe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Na wewe ndo ukae na vidonge, sio yeye. Vikimezwa vingi kwa mara moja vinaua, na kijana aliyechoka na maumivu, aliyenyamaza vile umesema, usimwachie pakiti nzima bodingi. Kaa naye umuulize wazi kama kuna wakati anaona afadhali asiwepo. Kuuliza hakumpandikizi hilo wazo, kunampa mlango wa kusema.

Kuhusu kungoja neva irudi. Neva inaota karibu milimita moja kwa siku ikienda vizuri. Pima kutoka takoni mpaka vidole vya mguu wa kijana wa 15, utaona ni mambo ya miaka miwili na zaidi. Walikuambia kweli kwamba inaweza kurudi, ila kungoja hakuna maana ya kukaa bila kutibiwa maumivu. WHO ilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya watoto mwaka 2020 na wanasema wazi kwamba mtoto atibiwe kwa pande zote tatu, mazoezi ya mwili, msaada wa akili na hisia, na dawa.

Fizio mrudishe haraka. Anahitaji mambo mawili. Moja ni kile kifaa cha kushikilia unyayo usianguke, asipokivaa mshipa wa nyuma ya kisigino unakaza na baadaye hata neva ikirudi mguu hautanyooka. Hospitali ya CoRSU pale Kisubi barabara ya Entebbe wanatengeneza, lakini anza na idara ya mifupa hospitali yako ya rufaa. Pili ni kuizoesha ngozi. Unaanza pembeni ya pale panapouma, sio katikati, na pamba laini dakika chache, anapapasa mwenyewe, sio wewe wala mtu mwingine, manake akishika yeye ubongo hauogopi sana. Akizoea pamba anaenda kwenye kitambaa cha kanga, halafu taulo, halafu anaingiza mguu kwenye beseni la mchele ama maharage makavu. Mara kadhaa kwa siku, kidogo kidogo. Hapa plasta ya lidokeini, kama mkiipata, ndo inaonyesha faida yake, ikishatuliza anaweza kuvaa kiatu na kutembea. Plasta ikimfanya akae kitandani na mguu umefunikwa haijamsaidia.

Odo_Arua

Naandika kama kijana mwenyewe, mimi sasa nina miaka 19 na niliumizwa hivyohivyo nikiwa S1. Kuna vitu wakubwa hawawezi kukwambia. Mbaya kuliko maumivu ni watu kukuona mguu mzima halafu wanasema unakwepa paredi na kazi za shule. Mimi niliacha kabisa kusema. Kama mwanao amenyamaza inaweza kuwa ni hilo.

Kilichonisaidia ni barua ya daktari kwa hedi na metroni, imeandikwa wazi kwamba neva imeumia, asivae soksi, aruhusiwe sandali, akae mbele ya darasa mahali ambapo watu hawapiti wakigonga mguu. Barua iwe na muhuri, bila muhuri hawasikii. Na metroni aelezwe kabisa hizi dawa ni za nini. Akipata plasta zikae kwa metroni kwenye kabati la kufunga, sio kwenye sanduku lake, manake bodingi ukiwa na plasta ya maumivu kila mtu anataka kipande, huyu mgongo, wasichana wanataka ya tumbo la mwezi, wataziisha na mtu anaweza kuumia.

Na mpira asiambiwe kwamba umeisha. Mimi nilianza na kupiga danadana nimekaa kwenye benchi. Sasa nacheza, sio kama zamani lakini nacheza. Usiku bado panawaka mara mojamoja hasa nikichoka, ila nalala.

MamaTororo

Odo mwanangu asante, nimemsomea ujumbe wako amesikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza huyo yuko shule gani. Nimemuuliza lile swali la Sista pia. Tumeongea sana, nashukuru nilimuuliza.

Shangazi nimemwambia asitume kwanza, apige picha ya pakiti tu. Wiki ijayo tunaenda Mbale kuona daktari na fizio. Sista nibebe nini? Na wakinituma kwa watu wa hospisi niende? Mama mkwe amesikia hilo neno ameanza kulia anafikiri mtoto anakufa.

Sista_Mbale

Beba ile karatasi ya kliniki kama mliipata, hata kama wameandika jina la dawa tu, na vidonge vyote amekunywa, vitupu pia. Kijana mwenyewe aandike jinsi usiku unavyokwenda, maumivu kutoka 0 mpaka 10, kitu gani kinayaongeza, kitu gani kinapunguza, ameamka mara ngapi. Aandike yeye kwa maneno yake. Daktari atapata mengi pale kuliko kwa maelezo yetu sisi wakubwa. Na kila jioni mkague unyayo na katikati ya vidole, pale penye ganzi anaweza kukanyaga msumari asisikie.

Wakikutuma hospisi, yaani kwa watu wa tiba shufaa, nenda bila wasiwasi. Mwambie mama mkwe wale wanatibu maumivu makali, sio kwa wanaokufa tu. Hapa Uganda ni kazi ya siku nyingi, Hospice Africa Uganda ilianzishwa 1993 na daktari Anne Merriman, na tangu 2004 manesi na klinikali ofisa waliosomea wanaruhusiwa kuandika morfini ya kunywa. Sisemi kijana anahitaji morfini, nasema ukikutana na musawo aliyepita kwenye mafunzo yale atakuamini mtoto akisema inauma, na atajua amitriptilini iongezwe lini na isimamishwe vipi. Isiachwe ghafla, hilo ulikumbuke.

Famasia_Jinja

Mama, nyongeza moja. Daktari akiandika plasta ya asilimia 5, ulizia famasi kubwa kwanza kama wanayo na usajili wake, angalia tarehe ya mwisho na pakiti iwe haijafunguliwa, zikifunguliwa zinakauka. Bei itakuwa nzito, kwa hiyo omba wakuuzie chache za kujaribu usinunue boksi zima. Picha ya shangazi ikifika iweke hapa, nitakusomea viambato vyote.